Mdogo Wangu Amehamisha Programu Yangu na Watu Wote

Shangazi mpendwa, nakuandikia wewe kwa sababu nikimweleza mtu wa hapa nyumbani maneno yatamfikia mhusika kabla chai haijapoa, na mhusika mwenyewe ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Mimi ni fundi cherehani, kompyuta nilijifunza ukubwani, nikaandika programu ambayo unaipa vipimo vya mteja, kifua, kiuno, bega, nayo inakuchorea karatasi ya kukatia kitambaa, nikaiweka wazi kwenye tovuti moja, bure, yeyote aichungulie ndani, airekebishe, aitumie, na kweli mafundi wakaja mmoja mmoja hadi tukawa jamii, wengine sijawahi kuwaona sura lakini najua nani anakata suruali vizuri na nani ana mdomo.

Mdogo wangu nilimwingiza mimi, nikamfundisha mimi, juu ya meza yangu ya kukatia. Sasa wenye tovuti ile wamebadilisha mambo, matangazo kila kona, na mafundi wenye simu za zamani haiwafungukii tena, ndipo mdogo wangu akasema kwenye kundi letu la simu kwamba tuhame, kuna tovuti nyingine nyepesi inayoendeshwa na watu wa kujitolea kama sisi, na watu wakashangilia kama vile ametangaza harusi, na tangu hapo ni yeye tu, "muulize mdogo", "mdogo kashaweka", "mdogo ubarikiwe", amehamisha kila kitu, msimbo wote, yaani maandishi yanayoiendesha programu, maswali ya watu, mpaka mabishano yetu ya zamani kuhusu kola, na mama naye, ambaye hajui hata kuwasha kompyuta, anawaambia majirani eti binti yake mdogo ana programu ya mafundi. Ana programu! Shangazi, moto uliniwaka kifuani, nikamwambia mama chumvi imezidi kwenye mboga, na haikuwa imezidi.

Kilichonimaliza ni hiki. Nilikwenda kuchungulia hiyo tovuti mpya kama mgeni, bila kujiandikisha, maana siwezi kubisha hodi kwenye kazi yangu mwenyewe, nikakuta picha ya mdogo wangu iko juu inacheka, na kila kazi niliyoifanya mimi, miaka yote hiyo, pembeni yake pana kiduara cha kijivu kisicho na uso, kama cha mtu asiyejulikana. Amenifuta, Shangazi. Nilipomwambia mume wangu akajibu, "Si umuulize mwenyewe?" Wanaume hawa.

Basi nami nimegoma kimyakimya. Kwenye tovuti ya zamani mwenye ruhusa ya kubadilisha ukurasa wetu ni mimi peke yangu, wananiomba niweke tangazo kwamba tumehama na niufunge ili watu wasiendelee kuchukua programu pale, nami nasema "nitaangalia", nasema "mtandao unasumbua", na shida ni kwamba programu ilikuwa na kosa kwenye mkono wa gauni, linalofanya kwapa libane, na kosa hilo limesahihishwa kule kwenye tovuti mpya tu, sasa kuna fundi mmoja, mama mtu mzima, ameandika kwenye ile ya zamani kwamba amekata kitambaa cha bibi harusi na mkono hauingii, anauliza, "Jamani, kuna mtu humu?" Nimeusoma ujumbe wake asubuhi nzima na sijamjibu, kwa sababu nikimjibu itabidi nimwelekeze kwa mdogo wangu. Je, nimwachie mdogo wangu kila kitu, au niirudishe jamii yangu? Na tafadhali usiniambie ni wivu.

Ni mimi, Mwenye Nyumba Tupu.

Jibu la Shangazi

Mwanangu, ni wivu. Umenikataza nisiseme, nimesema, tuendelee.

Nakuhurumia, tena si kwa mdomo tu. Kuanzisha kitu peke yako, ukakilea, kisha ukasikia mama yako mzazi anampa sifa mwingine, kunauma, na asiyeumia huyo ana lake jambo. Mama msahihishe kwa upole, mbele ya majirani hao hao, na chumvi yake uiache.

Ila hilo la kufutwa halikuniingia akilini, nikampelekea fundi wa kompyuta wa hapa gazetini. Alicheka mpaka akavua miwani. Anasema kazi ikihamishwa hivyo inabeba jina la aliyeifanya, lakini tovuti mpya haiwezi kukuwekea sura mpaka ujiandikishe mwenyewe, kwa barua pepe ile ile uliyoitumia kwenye tovuti ya zamani. Ukijiandikisha, viduara vyote vinageuka kuwa wewe. Umesimama mlangoni umejifunika shuka gubigubi, halafu unanung'unika kwamba hawakutambui! Na hebu tazama barua pepe zako. Sitashangaa mwaliko wa mdogo wako ukiwa umo humo, hujaufungua kwa hasira.

Unauliza kama uirudishe jamii. Utairudisha kwa kamba? Watu wamehama kwa sababu simu zao zilikwama, si kwa sababu mdogo wako anapendeza kwenye picha. Wewe mwenyewe ulisema yeyote airekebishe. Yeyote huyo ametokea, na bahati mbaya mnafanana.

Ninalokukasirikia ni la yule mama wa gauni la harusi. Kitambaa cha watu kimekatwa, dawa unayo wewe, nawe umekaa unasoma tu! Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio. Weka gazeti chini umjibu sasa hivi, mweleze namna ya kutia kipande kwapani ili gauni liokoke, umpe na anwani ya tovuti mpya. Kisha uweke tangazo kwenye ukurasa wenu wa tovuti ya zamani, uufunge watu waweze kusoma bila kuongeza kitu, na usifute chochote kwa hasira. Halafu ukajiandikishe.

Ukimaliza, nenda kwa mdogo wako kwa miguu yako, siyo kwenye kundi la simu. Usianze na habari za tovuti. Mwambie, "Nilikuonea wivu." Neno "lakini" litakujia mdomoni palepale. Limeze.