Maneno Sitini na Sita kwa Dakika

Baba Mwajuma,

Leo nimetoka Posta. Nimeketi hapa nyumbani, mtaa wetu wa Mirongo, sijavua hata baibui, nakuandikia wewe ambaye barua haikufikii tena. Kuna jambo nimeambiwa leo na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka siku uliyorudi na kile kijitabu cha mashine mpya? Kwa miezi kadhaa mlikuwa mkinong'ona ofisini kwamba italetwa mashine ya kupeleka simu za maandishi, inayopigwa kama taipu, na kwamba ninyi makarani wa kugonga simu kwa nukta na mistari mtakosa kazi. Ulikuwa hulali vizuri. Siku ile uliingia ukicheka, umebeba samaki, sato mkubwa, ukamwinua Mwajuma juu mpaka akapiga kelele.

"Hamsini tu!" ukaniambia. "Wameandika wenyewe, kasi yake baudi hamsini. Herufi hamsini kwa dakika, Mama Mwajuma! Hayo hata maneno kumi hayafiki. Mimi nagonga maneno ishirini na mawili, na chai naishika mkono wa pili."

Ukasema hutaandika jina lako kwenda kozi ya mashine hiyo Nairobi. Ukamcheka hata Petro, karani mwenzako, ambaye alikuwa ameshaandika la kwake.

Kesho yake ulipokwenda kazini nilikichukua kile kijitabu. Nilifika darasa la nane, nikafundisha hesabu kabla hujanioa. Sikuweza kuona namba nikaipita. Maharage yalikuwa motoni. Nikasoma kwamba baudi si herufi. Ni kipigo kimoja cha umeme kwa sekunde, na herufi moja tu inakula vipigo saba na nusu. Nikagawanya hamsini kwa saba na nusu, nikapata herufi sita na kitu kwa sekunde. Kwa dakika zikawa mia nne. Neno moja ni herufi tano na nafasi yake, yaani sita. Mia nne kwa sita, sitini na sita na kitu. Nikarudia. Maharage yakaungua, na jibu likabaki lile lile.

Nilikaa nalo siku nne. Ulikuwa unaimba ukinyoa ndevu, na mimi nilikuwa nimechoka na miezi ile ya uso wako kununa. Nikajiambia acha apumzike kidogo, na mimi nipumzike. Lakini orodha ya kozi ilikuwa inafungwa Jumamosi. Alhamisi, uliporudi kutoka kuswali alasiri, nikakuwekea karatasi mbele.

Uliisoma polepole. "Baudi imekuwa hivi?"

"Ndivyo kilivyoandika kitabu chao."

"Una hakika na hesabu yako?"

"Nina hakika."

Nilidhani utainuka ukaandike jina. Badala yake ukasema, "Mimi ni ishirini na mbili, Zaituni. Kitu cha sitini na sita nitakifukuza mpaka wapi? Nina miaka arobaini na mitatu. Niende Nairobi nikaaibike mbele ya vijana?"

Nilikubembeleza mpaka Jumamosi ikapita. Ukweli nilikuwa nimekuambia, nikaona kazi yangu imekwisha.

Petro alikwenda, akarudi na mashine. Wewe wakakupeleka kwenye magunia ya barua. Siku za uhuru, mji mzima ulipokuwa ukipeleka salamu, ulirudi na vidole vimechubuliwa na kamba. Ukaniambia, "Hata salamu moja sikuituma mimi." Nikakuletea maji ya moto uoshe mikono.

Masika yaliyofuata lori la barua likakwama njia ya Kigongo. Mkasukuma kwenye mvua mchana kutwa ili muwahi pantoni ya kuvukia Busisi. Kifua kilichokuanza siku ile hakikukuacha.

Baada ya eda nilijifunza taipu ofisini kwa mnunuzi mmoja wa pamba, maana Mwajuma lazima asome. Mwezi jana Posta wakatangaza kwamba sasa wanataka na wanawake wa kukaa kwenye mashine ile. Nilisita, halafu nikapeleka jina.

Leo Petro ndiye aliyenipima. Nilipiga ukurasa mzima huku jasho likinitoka. Akatazama saa yake. "Ishirini na nne kwa dakika. Umepita, shemeji."

Nikamwambia asinihurumie kwa sababu yako. Mashine ni ya sitini na sita, najua.

Akanishangaa. "Nani kakuambia mtu anapiga sitini na sita? Hiyo ni kasi ya mashine yenyewe, inaposoma utepe wa karatasi tulioutoboa herufi kabla. Vidole vinakwenda kwa kasi ya mtu mwenyewe. Mimi kozini nilianza na kumi na nane. Mpaka leo sijavuka thelathini na tano."

Nilimwomba arudie. Akarudia, halafu akaona uso wangu, akatoka nje kama anayetafuta kitu.

Kumi na nane, Baba Mwajuma. Wewe ulikuwa na ishirini na mbili.

Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nimeipiga tena kichwani njia nzima kutoka Posta, inatoka sawa. Ila niliishia kwenye namba, nikakuachia wewe uitazame peke yako, wala hatukwenda sote kumwuliza mtu aliyewahi kuiona mashine ikifanya kazi. Wewe uliona haya kuuliza. Mimi nilikuwa na hakika mno.

Sikulii. Machozi yalikwisha wakati wa eda. Kilichobaki ni uchovu tu, umekaa mabegani tangu asubuhi. Jumatatu naanza kazi. Mwajuma atakuwa akishinda kwa dada yako, kule Pasiansi, mpaka nitoke. Kiti watakachonipa ni kile cha dirishani, Petro amenionyesha. Nitakikalia, na sitamwambia mtu kwamba kilipaswa kiwe cha kwako.

Mungu akulaze pema. Nisamehe, mume wangu.

Mkeo,
Mama Mwajuma