Wachache Tu wa Roquevielle

Roquevielle, 8 Julai

Solène mwanangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima huko Bordeaux. Mimi sijambo, ila magoti, na tangu Jumapili, hasira.

Jumapili nilikuwa nimekaa mlangoni namenya maharage. Mashua ya watalii ikafika gatini, wakapanda ngazi wakichungulia madirisha yetu kama mabanda ya kuku. Mama mmoja mwenye kofia pana akanielekezea simu usoni, hata salamu hakutoa. Akacheka: "Jamani, kumbe humu bado wanaishi watu!" Nikasikia sauti ikimjibu: "Ndiyo, wachache tu."

Sauti hiyo niliizaa mimi. Ulikuwa umevaa miwani ya jua, umeshikana mkono na kijana mrefu. Ulinitazama, ukapita. Wenzio walikuja kutembelea kijiji cha kale. Wewe je, ulikuja kutembelea nini?

Mama yako

Bordeaux, 15 Julai

Mama mpenzi,

Pole na magoti. Mimi ni mzima, ila usingizi sipati.

Yule kijana ni Aymeric, tutaoana Oktoba. Mwenye kofia ni mama yake. Ni watu wa mashamba makubwa ya mizabibu. Safari ile ilikuwa zawadi yao kwangu; sikujua tunapita Roquevielle mpaka nilipouona mnara wa kanisa. Nilikuwa nimeshawaambia kwamba unaishi Toulouse kwa dada yako, na kwamba hutoki. Ningeanzia wapi kueleza, pale kwenye ngazi?

Lakini na wewe, Mama! Uliniona, ukanyamaza. Ungeniita jina tu, yangekwisha palepale.

Mwanao, Solène

Roquevielle, 19 Julai

Solène,

Afya ni ileile, asante.

Kumbe kosa ni langu! Nikuite mbele ya watu uliowaambia sipo? Nilinyamaza nisikuaibishe, mjinga mimi. Baada ya mafuriko, baba yako, Mungu amrehemu, alibeba mawe ya nyumba hii mgongoni ili upate chumba chako mwenyewe. Leo ndiyo aibu yako?

Harusi fanya. Mimi si niko Toulouse?

Huguette, mmoja wa wale wachache

Bordeaux, 2 Septemba

Mama mpenzi,

Hujambo? Barua hujibu, simu hushiki.

Nimewaambia ukweli, tukiwa mezani. Mama yake Aymeric aliweka uma chini. "Yule mama wa maharage? Na mimi nikampiga picha kama mbuzi wa maonyesho! Ukaniacha nicheke?" Alinigombeza mpaka nikalia.

Jumamosi tulikuja sote. Tuligonga, tukaita, madirisha yote yamefungwa. Mama, uko wapi? Niandikie hata tusi.

Mwanao, Solène

Roquevielle, 6 Septemba

Mwanangu,

Mimi mzima. Natumai nawe, na hao wako.

Nilikuwa ndani, nimekaa kwenye ngazi. Nilimsikia jirani Josette akiwafokea: "Nyie watalii, hamchoki? Mwacheni mwenye nyumba apumzike!" Nikakusikia nawe: "Mtalii nani? Mimi nimezaliwa humu! Huyo ni mama yangu!" Ulipiga kelele hizo bila kujali nani anasikia. Nilisimama nifungue. Mkono ukafika kwenye komeo, hasira ikaushika.

Njooni Jumapili, nitapika bata. Usidhani yamekwisha. Nitagomba kuanzia supu ya kwanza mpaka jibini ya mwisho, na huyo mama wa kofia naye atapata fungu lake. Lakini mtakula mshibe.

Mama yako