Randa ya Babu Iligongwa Mara Mbili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na paa la hiyo shule limeanza kupata sura. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile fulana ya baridi unaivaa au umeifanya mto wa kulalia, maana anakujua. Kaka naye hajambo. Bado anaanza kabati tatu kwa mpigo na hamalizi hata moja, na wateja sasa wanamwita Nusu Kazi mbele ya macho yake, naye anaitika bila haya.

Najua habari za Msimamizi zimeshakufikia. Dereva wa lori la mbao alituambia kwamba alipokupa ujumbe ulivua kofia, ukakaa juu ya rundo la mabati, na chai yako ikapoa mkononi. Pole, baba. Pole sana. Kwa kuwa simu hazishiki huko, na dereva mwenyewe ni mtu wa maneno mawili, nimeona nikuandikie mimi, nikueleze kwa kituo.

Kwanza ujue kwamba mbwa wako aliishi maisha ya raha. Miaka kumi na minne si mchezo. Mimi nilikuwa darasa la pili ulipomleta ndani ya boksi la misumari ukasema ni wa kulinda karakana, na mama akauliza atalindaje na yeye mwenyewe anaenea kwenye kiatu. Kulinda hakulinda hata siku moja. Kazi aliyojipa ni kulala kwenye maranda chini ya meza yako na kutukodolea macho tukifanya kazi, ndiyo maana tukampa jina la Msimamizi. Kaka akiweka msumeno chini achezee simu, yeye anabweka. Akiushika tena, yeye kimya. Hata juma lake la mwisho alibweka hivyo, sauti ikikwaruza, na kaka akaurukia msumeno kama mwanafunzi aliyefumaniwa. Mama alicheka hadi akashika mbavu.

Ulipoondoka, lakini, alitutoa jasho. Desturi yenu unaijua mwenyewe: jioni unaikung'uta ile randa ya babu mezani mara mbili, ko, ko, maranda yanadondoka, naye anainuka, anajinyoosha, anatangulia mlangoni. Jioni ya kwanza nilipofunga mimi, hakutikisika. Nikagonga nyundo, akanitazama tu. Nikagonga randa yangu ya chuma, akageukia ukutani kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. Siku tatu alilala humo peke yake, analia mpaka jirani yetu fundi cherehani akaja kuuliza kuna nini. Tulivyolimaliza jambo hilo nitakueleza mbele kidogo, nivumilie.

Tulimzika nyuma ya karakana, karibu na tangi la maji, pale linapopiga jua la asubuhi. Fundi cherehani alileta kitambaa kizito cha bluu na hakutaka ahsante. Utashangaa nani alichimba. Kaka! Alianza asubuhi, akamaliza siku hiyo hiyo, na kingo akazinyoosha kwa pimamaji. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kuimaliza tangu azaliwe, tukacheka wote wawili, kisha yeye akalia na mimi nikajitia hamnazo nikifagia.

Kesho yake alikuja yule mwalimu mstaafu wa kike kuchukua kigoda chake. Akauliza Msimamizi yuko wapi, nikamwambia. Alikaa kwenye kigoda chenyewe, akakiri kwamba nyumbani ana vigoda vinne na anaishi peke yake. Alikuwa anaagiza ili apate sababu ya kuja kumkuna masikio mbwa wetu. Nilimwambia karakana iko wazi, aje bila kuagiza kitu. Siku hizi anakuja kila Alhamisi, na kaka anamwogopa kuliko alivyomwogopa Msimamizi.

Sasa, baba, kaa tena kwenye mabati yako.

Dereva alikwambia kwamba Msimamizi alilala na hakuamka. Yale yalikuwa maneno ya mama, aliyasema kwa huruma, na mimi nilisimama pale pale nikanyamaza. Hayakuwa kweli. Miguu ya nyuma ilikuwa imekufa, tumboni ana uvimbe, na daktari wa mifugo alipokuja mara ya pili alisema dawa za maumivu hazifui dafu tena. Wewe ulikuwa umetuma neno kwamba asifanyiwe lolote mpaka urudi, kwamba unataka umshike mwenyewe. Kurudi kwako kulikuwa kumebaki wiki saba. Mama akasema mwenye mbwa ni baba, tungoje. Kaka akatoka nje. Mimi nilimwekea maji, akashindwa hata kuyageukia, na hapo nikakata kauli. Si daktari, si mama. Ni mimi niliyemwambia daktari aje jioni, wakati wa kufunga.

Na kuna la pili. Ile randa uliyoikataza isiguswe na mkono mwingine, nimekuwa nikiigusa. Ufunguo wa sanduku unamoifungia uko nyuma ya saa ya ukutani, tangu zamani najua. Siku ya nne baada ya wewe kuondoka niliitoa, nikaigonga mara mbili, na Msimamizi aliinuka kwa pupa akajigonga kichwa chini ya meza. Tangu hapo ikawa kila jioni, miezi mitano mizima.

Siku ile nayo niliitoa. Nilimtandikia maranda mapya, daktari akawa tayari, nikamwomba asubiri kidogo. Nikagonga. Ko, ko. Hakuweza kuinuka, baba, lakini aliinua kichwa akatazama mlangoni, mkia ukafagia maranda, kisha akalaza kidevu juu ya mguu wangu. Daktari akafanya kazi yake. Msimamizi hakushtuka hata kidogo.

Amri zako mbili nimezivunja. Ya randa unaweza kunigombeza ukifika, nitatulia nisikilize. Ninayokuomba msamaha ni ile nyingine, kwamba nilikunyima kumuaga. Ingawa siku ile ikirudi, nitafanya vile vile.

Mama ameisoma barua hii na hakufuta kitu. Anasema uvae fulana. Kaka anasema kabati moja imekwisha, usimuulize za pili. Wasalimie mafundi wenzako wote, na umshukuru dereva.

Randa nimeinoa, nimeipaka mafuta, nimeirudisha sandukuni. Tangu siku ile haijagongwa. Jioni zana tunaziweka chini kimya kimya, halafu tunabaki tumesimama, kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie mlangoni. Njoo utufungie karakana, baba.

Ni mimi binti yako,
Futi