Jiwe la Manjano Halilowekwi

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Nimenoa visu vya kiwanda cha samaki kabla ya shule. Vidole vinanuka sangara mpaka kwenye daftari la Kemia. Deski langu wamelihama wote.

Hili sijamwambia mtu. Nalichukia jiwe la manjano la baba. Na ninapolisugulia kisu nakuwa na raha kuliko mahali pengine popote. Yote mawili ni kweli.

Jumanne, 5 Septemba

Mawe yako matatu. Baba ni kinyozi, na alikuwa akimnyoa ndevu fundi wa Kijapani aliyekuja kufunga mashine za barafu kiwandani. Kila akitoka likizo kwao alimletea baba jiwe. Yamechimbwa mlimani, hayakutengenezwa na mtu. Jeusi la kuanzia. La kijani la nyembe. La manjano la kumalizia, lenye madoa kama moshi. Baba amelifunga kila moja kwa kitambaa chake, na wageni huonyeshwa kabla hata ya kupewa maji.

Tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia haushiki kitu. Nanoa mimi. Yeye anakaa kwenye kiti cha wateja, maana wateja wenyewe wamehamia saluni zenye mashine za umeme. Anasikiliza. Sauti ikiharibika anasema inua mgongo wa kisu. Hakosei hata mara moja.

Jumatano, 6 Septemba

Siku mbaya. Nimerudi shuleni nikamkuta msimamizi wa wakata minofu amekaa na baba. Nikasema shikamoo, akaitikia huku anacheka. Anasema tangu ninoe mimi minofu haichaniki. Ananitaka kiwandani kila siku, kuanzia mwezi wa kumi. Baba alikuwa ameshakubali kabla sijafika.

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba.

Niliangalia miguu yangu. Msimamizi akasema, "Profesa, visu havisomi vitabu." Baba akacheka naye. Hilo limeniuma kuliko kazi yenyewe.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimejaribu kuongea na baba mara tatu. Mara ya kwanza nikauliza kama anataka chai. Mara ya pili nikauliza tena chai. Mara ya tatu akasema nimwache apumzike, tumbo limejaa.

Mama anasema mtihani nitaufanya mwakani, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namjua binamu yangu wa Misungwi aliyeambiwa hivyo hivyo. Bado yuko dukani.

Leo nimeliangalia vizuri jiwe la manjano. Mjapani alituonya: hili halilowekwi. Unalinyunyizia maji juu tu. Limejengeka tabaka juu ya tabaka, kama kurasa, na maji yakiingia ubavuni kurasa zinafunguka. Ndiyo maana baba analipaka vanishi pembeni. Kona moja vanishi imebanduka.

Msimamizi anataka makali ya jiwe hilo. Mengine hayatoi.

Jumanne, 12 Septemba

Jana usiku msimamizi alileta aproni nyeupe ya plastiki na mabuti ya mpira. Mama ameitundika aproni kwenye msumari juu ya kitanda changu, pale sare ya shule inapokaa. Sare ameikunja akaiweka chini ya mto.

Nimeamka nikaiona. Inanifika magotini. Nimekaa kitandani nikiiangalia mpaka nikachelewa namba ya asubuhi shuleni.

Kisha nikalichukua jiwe la manjano nikaliweka kwenye ndoo ya maji, nyuma ya choo. Nikaenda shule.

Sikusikia somo hata moja. Jioni nikalitoa. Lilikuwa zima. Nikaona aibu, na nikaona aibu zaidi kwamba nimesikitika.

Jumatano, 13 Septemba

Limepasuka. Nililianika juani baada ya shule na likafunguka lenyewe, katikati, kama mkate uliokatwa. Nikampelekea baba mapande mawili. Nikasema limepasuka. Nikasubiri kibao.

Hakunipiga. Aliyapapasa kwa mkono wa kushoto. Akaniambia ninyunyize maji, nijaribu kisu. Nikajaribu la kwanza. Akasikiliza. Nikajaribu la pili. Yote yanalia vizuri. La pili vizuri hata kuliko lile la zamani.

Baba akasema, "Sasa tuna mawili. Moja la hapa nyumbani, moja lako la kiwandani."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba nikatazama ziwa. Upande huu mawe, upande ule maji. Nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili, 17 Septemba

Baada ya kanisa baba alikuwa peke yake barazani. Nikasimama mbele yake. Nikasema, "Baba, jiwe nilililoweka mimi. Kwa makusudi. Nataka kufanya mtihani."

Nilisikia kuku wa jirani. Kisha akasema, "Kumbe una mdomo."

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nikaingia ndani nikaitoa aproni msumarini. Nikachukua na mabuti. Nikatembea mpaka Nyegezi, kwa msimamizi. Yeye hakuwepo. Nikamkabidhi mke wake, nikamwambia asante, siwezi kabla ya Novemba. Maneno yote yalitoka.

Niliporudi baba alikuwa kwenye kigoda changu cha kunolea. Jiwe mbele yake, kisu mkono wa kushoto. Alikuwa ananoa. Sauti ilikuwa mbaya, na najua aliisikia. Nilitaka kumwambia inua mgongo. Sikumwambia. Nilimpita, nikatundika sare kwenye msumari, nikafungua kitabu cha Fizikia.