Mama Alivyokula Kipimo Changu

Jumamosi, mwezi wa nane. Ndhiwa. Mawingu yametanda tangu asubuhi, lakini mvua imetuonea huruma hadi tumemaliza kupima.

Nimechoka mpaka kucha, na nina furaha.

Msimu huu wote nimeishi roho juu. Mume wangu, Baba Akinyi, alitaka shamba la nyuma ya nyumba liingie miwa, kama la majirani wengi ambao yao hubebwa na matrekta hadi kiwanda cha sukari cha Awendo. Na miwa ikishaingia haitoki leo wala kesho. Nikamwomba msimu mmoja tu nimwonyeshe kwamba mahindi yakichanganywa na maharagwe, ardhi inatumika vizuri kuliko kupanda zao moja peke yake. Akakubali. Nikishindwa, miwa.

Namna ya kupima nilifundishwa kwenye mafunzo ya wakulima. Unagawa vipande vitatu vilivyo sawa: mahindi peke yake, maharagwe peke yake, na mchanganyiko. Ukishavuna, unatazama mahindi ya mchanganyiko ni sehemu gani ya yale yaliyokaa peke yake. Maharagwe vivyo hivyo. Unajumlisha. Ikizidi moja, mchanganyiko umeshinda. Isipozidi, unanyamaza.

Nilikuwa nimetulia mpaka siku nilipomkuta mama mkwe akitoka kwenye mchanganyiko na karai limejaa mahindi mabichi na maharagwe. Wala haikuwa mara yake ya kwanza.

"Mama, hiyo ni ya kupima!"

"Nyar Suna," akaniita kwa jina la kwetu, kama wake wanavyoitwa huku, "nyoyo inapikwa na mahindi na maharagwe. Huko kwingine si iko moja moja? Na chakula mpya, mama wa boma ndiye anaonja kwanza. Kwani huko kwenu Migori hamjui?"

Tunajua sana. Hiyo nyoyo yenyewe niliila, nikaongeza sahani ya pili, huku nimenuna. Tangu siku hiyo nilikuwa namsalimu kwa mdomo tu. Niliona ameshalipanda shamba langu miwa kwa mkono wake.

Leo mahindi ya mchanganyiko yalipotolewa, Mama naye amekaa kando akitazama, yakaonekana machache kweli. Baba Akinyi akacheka.

"Si unaona? Maharagwe imemeza mahindi."

Alikuwa analinganisha mahindi na mahindi. Maharagwe hata hakuyatazama. Nikatundika mizani kwenye boriti ya ghala, nikapima, nikarudia kupima.

Mahindi: robo tatu ya yale ya peke yake. Maharagwe: nusu.

Moja na robo!

Yaani ningeyatenga mazao haya, ningehitaji shamba jingine, robo ya hili, ili nipate chakula kile kile. Na alichokula Mama hakimo humo. Shetani alinishawishi nikikadirie nikiongeze, nikakataa. Hesabu ya kukisia ingempa Baba Akinyi mlango wa kubishia.

Yeye alipiga hesabu kwenye simu yake, akafuta, akapiga tena. Akajikuna kichwa.

"Sawa. Hiyo maneno ya miwa tuache."

Machozi yakanitoka pale pale, mbele yao wote. Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo mzito hivyo. Mama akanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili.

"Sasa unalia nini na chakula iko?"

Nikacheka na kulia pamoja. Hasira yangu kwake imekwisha, hata sikumbuki imeondoka saa ngapi.

Msimu ujao nitapanda mistari michache pembeni, mahindi na maharagwe pamoja, iwe ya Mama mwenyewe. Avune apendavyo, mradi asivuke mpaka aingie kwenye kipimo.

Nani atamwambia?