Baba Anaacha Vidonge vya Presha Ili Aendeshe Baiskeli

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usilitaje jina langu, kwa sababu Same ni mji mdogo, baba yangu ni mzee wa kanisa, na gazeti lako linasomwa nyumbani kwetu. Mimi ni mwalimu, nimesoma hadi chuo kikuu, na nasema hivi si kwa kujisifu bali ili uielewe aibu yangu, kwamba kwa elimu yote hiyo nimeshindwa kumwambia baba sentensi moja.

Baba ana miaka sitini na nane. Alikuwa bwana shamba, na maisha yake ya kazi aliyamaliza juu ya baiskeli, akipanda na kushuka kwenye mashamba ya watu wa Upare Kusini. Daktari alipomkuta na presha na goti lililoanza kusagika alimwambia afanye mazoezi mepesi, naye akasikia neno mazoezi peke yake, akaenda Moshi akanunua baiskeli ya gia ya mtumba, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, akatutangazia kwamba mwezi wa tisa ataizunguka milima yetu yote kwa siku moja. Atatoka Same apite Kisiwani, Gonja na Ndungu, atokee Mkomazi, arudi kwa barabara kuu kupitia Hedaru na Makanya, kama walivyofanya yeye na mdogo wake, baba mdogo Loth, ambaye sasa anaishi Moshi, walipokuwa vijana. Mama alicheka, akasema mwacheni mzee wangu apunguze kitambi. Mimi ndiye niliyemtafutia ratiba ya mazoezi kwenye simu, na sasa kila nikiitazama naona imeandikwa kwa ajili ya vijana wa nchi za baridi.

Jumamosi iliyopita alichelewa na simu hakupokea, nikachukua bodaboda kuelekea Makanya, na nilipomwona kwa mbali nilifurahi kumkuta mzima, ameegemeza baiskeli kwenye nguzo na anaelekea kichakani. Kabla hajafika, mama mmoja aliyekuwa amepakiwa kwenye pikipiki akamwambia dereva wake asimame, akashuka, akampa baba shikamoo, akamuuliza habari za mama, za usharika, za mvua, za mahindi, na baba akajibu yote akiwa amesimama amebana miguu. Yule mama hakuondoka, maana huwezi kumwacha mzee peke yake juani kama mti, alisubiri amsindikize kwa macho. Baba akapanda baiskeli akaenda zake bila kufanya alichosimama kukifanya. Niligeuza uso. Nilimwomba dereva wangu asubiri kidogo, ili baba asijue kwamba nimeona.

Ule muda niliosubiri ndio unaonitesa. Tulipopita kona tulimkuta ameketi kwenye kalavati, baiskeli iko mtaroni, midomo yake myeupe, na chupa ya maji imejaa haijafunguliwa. Nikasema shikamoo baba. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayetazama mgeni aliyependeza, halafu akasema, "Ruthi, mama amesharudi kutoka shamba?"

Ruthi ni dada yake. Tulimzika kabla sijaanza shule.

Nilimnywesha maji, nikamvuta kwenye kivuli, na taratibu akanijua tena. Nilipoingiza mkono kwenye mfuko wa shati lake nitafute simu nikakuta karatasi ya vidonge vyake vya presha, vile vinavyotoa maji mwilini, havijaguswa. Aliangalia upande wa reli ya treni iliyo kando ya barabara. "Ile dawa inanisumbua njiani," akasema. Kisha akaongeza, "Mama yako asijue. Akijua, baiskeli itafungiwa stoo, na mimi nitafungiwa nayo." Nikaahidi.

Sijamwambia aliniita nani, na yeye hakumbuki. Jumatano alitoka tena. Nafundisha huku nasikiliza simu, na jioni nasikiliza mnyororo wa baiskeli ukiingia getini, na ukichelewa naiona ile midomo. Ninajua kinachomsumbua, kwamba anaacha dawa na anaacha maji ili asilazimike kusimama mbele ya watu wanaomheshimu, lakini binti anaanzaje kuzungumza na baba yake habari za haja ndogo, wakati nyumbani kwetu hata mama husema tu mzee ametoka nje? Nikimwambia mama nimevunja ahadi na nimemnyang'anya baba kitu pekee kinachomfanya aamke akiimba. Nikinyamaza, nitakuwa yule aliyejua. Nifanye nini?

Binti mwenye hofu, Same

JIBU

Marahaba, binti. Barua yako nimeisoma mara mbili na zote mbili niliishia kwenye kalavati nimeshika kifua, kwa hiyo nikikugombeza usidhani sikuonei huruma.

Mzee akimwita mwanawe kwa jina la marehemu, hapewi maji akarudishwa nyumbani kimya kimya. Anapelekwa hospitali saa ileile. Wewe ulimrudisha, ukampa na ahadi, na Jumatano ukamwacha atoke tena. Ahadi uliyoombwa na mtu ambaye muda mfupi nyuma hakukujua wewe ni nani haikufungi hata kidogo. Baiskeli isitoke getini mpaka daktari amwone.

Lile neno linalokushinda si kazi yako kulitamka. Una baba mdogo. Mpigie Loth leo, mweleze ulichoona, apande gari aje. Mtu na ndugu yake wataulizana kwa utani kile ambacho wewe huwezi, na aingie naye kwa daktari. Daktari aambiwe kwamba dawa imeachwa na kwamba mzee anaogopa kunywa maji. Dawa za presha ziko za aina nyingi, na hata saa ya kumeza hupangwa. Sisemi ameze tu kisha aondoke, maana kidonge kinachotoa maji na jua la Makanya havipangwi na wewe wala na mimi. Na wamuulize daktari kuhusu tezi dume, kwa sababu mwanamume wa umri wake huenda anakisingizia kidonge.

Mama yako mwambie leo. Umemfanya mlinzi wa stoo, na huyo ndiye anayelala na mzee huyo miaka yote. Unadhani hajui anaamka mara ngapi usiku?

Sikwambii mmnyang'anye baiskeli. Daktari akikataa, imekwisha, mtalia pamoja. Akiruhusu, kwani milima inakwenda wapi? Ile ratiba yako ichane. Azunguke kwa siku kadhaa, alale Gonja, alale na kwingine njiani, na asiende peke yake hata kwa umbali mdogo. Loth awe kando yake, ili wakisimama mmoja abaki barabarani kupokea salamu na mwingine aende kichakani kwa amani.

Lakini kuna sehemu ambayo Loth hawezi kukusaidia. Hofu yako yote umeniandikia mimi. Baba yako umemwamkia, umemnywesha maji, umenyamaza. Yeye anadhani kilichotokea ni kizunguzungu tu, na kwamba anachoficha ni aibu yake mwenyewe. Hajui kwamba pale kwenye kalavati, kwa dakika chache, alimpoteza mtoto wake.

Kwa hiyo akichukua pampu kujaza tairi, mshike mkono. Usimtajie dawa, usimtajie haja. Mwambie, "Baba, Jumamosi hukunijua. Uliniita shangazi Ruthi, nikaogopa." Usiongeze neno. Ataiweka pampu chini mwenyewe.