Sikuigeuza

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kapiga simu kabla sijavua koti la maabara. Jumamosi anakuja na wakaguzi watatu wa chuo kikuu kuiona injini aliyoibuni, isiyochoma mafuta, ikisukuma. Wakiridhika, watampa maabara yake mwenyewe. Furaha aliyokuwa nayo! Anasema roketi za kuchoma mafuta zitabaki makumbusho — Mirihi kwa wiki sita badala ya miezi saba. Na eti wa kushukuriwa ni mimi, maana ndimi niliyeipima.

Niliipima, ndiyo. Mwaka jana. Mkono wa mizani ndani ya tangi lisilo na hewa ulisogea upana wa unywele. Ilibaki kuigeuza injini itazame nyuma. Kama kweli inasukuma, mkono lazima usogee upande wa pili. Kufungua tangi, kufunga, kunyonya hewa upya kwa saa sita nzima... Nilikuwa hoi. Nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha "Imegeuzwa", nikaenda nyumbani.

Sikuigeuza.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua tangi. Injini yenyewe ni kopo la shaba tu, mawimbi ya redio yanarukaruka ndani, halitemi kitu. Fundi pampu kanitania kama kawaida yake: hiyo ni sawa na kusukuma gari huku umekaa ndani. Mwaka jana nilimnunia wiki nzima. Leo nimecheka naye, roho ikiniuma. Nimeifunga ikitazama nyuma. Kesho nitajua.

Jumatano, 5 Machi

Upande ule ule.

Nimewasha mara nne. Upande ule ule!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitoa injini, nikaweka balbu mahali pake. Mkono umesogea vilevile. Haya, balbu nayo inakwenda Mirihi! Kumbe ni waya wa umeme: unapata moto, unarefuka, unausukuma mkono. Waya! Kaka ameacha ualimu baada ya miaka kumi na tisa kwa ajili ya joto la waya.

Na yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa darasa la nne, kwa puto. Aliliachia likaruka chumba kizima, akasema puto linakwenda mbele kwa sababu linaacha hewa nyuma. Yeye alijisahaulisha kwa kutamani. Mimi je?

Nimempigia. Kapokea wifi, kaka yuko kwa kinyozi. Wifi kanieleza alivyolia siku mumewe alipoacha kazi, kisha akatulia. "Mimi hiyo fizikia siijui, wifi yangu, lakini wewe nakujua. Ukisema umepima, umepima."

Nikamwambia amsalimie. Amsalimie! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini unauma jamani.

Ijumaa, 7 Machi

Sikupiga tena. Nimeirudisha injini ikatazama mbele, kama ilivyokuwa, mpaka skrubu nimezifuta vumbi. Kama mwizi anayepanga vitu baada ya kuiba.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tano asubuhi, maabara. Wakaguzi wamekwenda kunywa chai, pampu inanguruma.

Walifika saa moja. Mmoja wao, mama mwenye miwani, akauliza kama injini imewahi kugeuzwa. Kaka akacheka: "Mdogo wangu aliigeuza mwaka jana, lakini tuigeuze tena, muone kwa macho yenu." Akaifunga mwenyewe ikitazama nyuma, anapiga mluzi. Mimi nilimshikia tochi. Nikamulika skrubu moja tu hadi akaniambia nisogeze mwanga.

Sasa kakaa kando yangu na suti yake mpya, ananimenyea chungwa kama enzi zile. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia vipimo. Kanipa nusu iliyo kubwa.

"Una wasiwasi gani? Jibu si unalijua?"

Nalijua. Najuta kulijua wiki hii badala ya mwaka jana, alipokuwa bado na darasa lake na chaki yake.

Saa nane kasoro. Hewa imekwisha ndani ya tangi. Nasikia viatu vya wakaguzi kwenye korido. Nimemshika kaka mkono, nikamwomba tutoke nje kidogo, nina neno. Kanipapasa bega, macho yake yako kwenye mizani. Anasema neno litasubiri, mdogo wangu — washa kwanza.